Maganda Yenye Adabu

Mpimaji: Haloo? Nani mwenzangu?

Mtafiti: Shemeji yako. Ina maana namba yangu umeshaifuta?

Mpimaji: Jamani shemeji, simu yenyewe kioo kimepasuka. Dada hajambo?

Mtafiti: Hajambo. Uko wapi?

Mpimaji: Si huku shambani kwenu. Napima maganda ya kunde, zimebaki aina mbili tu kati ya kumi na nane, kesho namal—

Mtafiti: Acha kupima.

Mpimaji: Haloo? Mtandao unakwaruza.

Mtafiti: Nimesema acha. Nimeingiza namba zako kwenye kompyuta. Maganda elfu mbili, na urefu wa kila moja unaishia na sifuri au tano. Milimita mia na arobaini. Mia na arobaini na tano. Hakuna hata moja la arobaini na tatu. Kunde gani hizo zenye adabu hivyo?

Mpimaji: Ni rula, shemeji. Vistari vidogo vimefutika, imebaki ile mirefu tu. Nilikwambia tangu—

Mtafiti: Wakaguzi wa utafiti wanasema ulikaa kivulini ukatunga.

Mpimaji: Uliwaeleza habari ya rula?

Mtafiti: Hayo ya rula yaache.

Mpimaji: Shemeji. Nilikuomba nyingine mara tatu. Ukanijibu pima hivyo hivyo, tofauti za aina na aina zitaonekana tu.

Mtafiti: Namba zote wamezikataa. Miaka miwili imekwenda na maji, na lazima apatikane wa kujibu. Nikijibu mimi, dada yako na wanawe watakula nini?

Mpimaji: Na wangu?

Mtafiti: Sikiliza, salio linaisha. Kuna barua kwa mlinzi wa getini, inasema umekiri kughushi. Weka saini, hawatakupeleka polisi.

Mpimaji: Nikisaini hiyo, nani ataniajiri tena? Kazi ninayoijua ni hii. Ngoja nizungumze na dada.

Mtafiti: Ameshasaini.

Mpimaji: Amesaini nini?

Mtafiti: Panapotakiwa shahidi.

Mpimaji: Dada yangu mwenyewe?

Mtafiti: Usianze kulia, watu wanasikia. Daftari mwachie mwenzako anayechukua nafasi yako, yuko getini anakuja na rula mpya.

Mpimaji: Mpya? Imepatikana wapi?

Mtafiti: Stoo. Zipo boksi zima tangu mwaka juzi, nilikuwa sijapata nafasi ya kwenda kukuchukul—

(Simu imekatika.)