Upepo wa Shinuki na Kichwa cha Ambrose Halvorsen

Wakati wa baridi, benchi la ubavuni mwa duka la pembejeo pale Pincher Creek hukaa tupu chini ya theluji, mpaka uvume shinuki, ule upepo wa joto unaoshuka milimani. Hapo theluji huyeyuka asubuhi moja, na wazee hutoka na vikombe vyao vya kahawa. Wote huufurahia isipokuwa Ambrose Halvorsen, aitwaye Pazia, kwa kuwa upepo huo humletea kipandauso, naye hufunga mapazia ya nyumba nzima. Jumamosi ile ulivuma, na saa kumi alitakiwa kumshika mkono binti yake Ingrid na kumwingiza kanisani kuolewa.

Alikimbilia kijiweni kwa sababu nyumba ilijaa marashi na mashangazi. Alivaa miwani ya jua, na ndani yake akafumba macho. Michirizi ya mwanga ilikwisha kuanza kumchezea machoni. Kidonge kilikuwa mfukoni, ila kingemlaza, naye aliona aibu kulala siku ya harusi ya mwanawe.

Augustin Prokopiuk, aitwaye Daktari tangu alipomshikia taa mganga wa mifugo, alishauri miguu ilowekwe katika maji ya moto, damu ishuke. Shigeru Oyama, yaani Redio, akapinga: kosa ni la kitanda, kimeelekea mlimani.

— Kitanda hakizuii upepo, wewe. Ng'ombe wangu mmoja alikuwa hivihivi. Tulimkata pembe, akapona.

— Sasa Pazia tumkate nini?

— Nywele. Zinavuta umeme wa hewani.

— Zipi, Daktari? Hizo hazivuti hata nzi.

Pazia alicheka, na kicheko kikampasua kichwa. Waliposikia anaguna, wakakubaliana kumfukia kichwa katika theluji iliyobaki nyuma ya duka. Redio alikuwa anarudi na koleo alipotokea bwana harusi, Desmond Pike, kijana wa pwani ya mashariki ya nchi, amevaa suti na mabuti ya mpira.

— Wazee wangu, yeye mwenyewe hufanya nini kikimjia?

Daktari alimtazama Redio. Redio alilitazama koleo. Walikuwa wakinywa kahawa na mtu huyu tangu wote watatu wana nywele, wala hawakuwahi kumuuliza.

Desmond akachuchumaa.

— Baba, niambie wewe.

— Kidonge, mwanangu. Giza, kitambaa baridi, na watu wanyamaze. Saa moja, pengine mbili. Lakini mchungaji…

— Mchungaji atangoja. Ingrid amesema bila wewe hapiti ule mlango.

Pazia akakimeza kidonge kwa kahawa ya Daktari iliyopoa. Walimlaza kiti cha nyuma cha gari la Desmond, kitambaa chenye theluji kwenye paji, koti la Redio juu ya uso, la Daktari dirishani. Desmond akaenda kanisani kwa miguu kusogeza mbele saa ya ibada, wazee wakabaki kulinda. Walinyamaza hata mwenye duka akatoka kuwatazama kama wazima.

— Mimi tangu mwanzo nilisema giza, Daktari akanong'ona.

— Nimekusikia, likajibu koti.