Ng'ombe Walijua Saa ya Mazoezi, Mimi Sikujua

Bwana asifiwe! Semeni amina kwa nguvu, hata nyie mliokaa karibu na mlango ili muwahi kutoroka, nimewaona.

Ndugu zangu, mimi ni wa kidato cha tatu, na mwili wangu mnaujua: tumbo lilikuwa linatangulia kuingia darasani, mimi nafuata. Nilitaka namba ya beki kwenye timu ya shule. Mwalimu wa michezo akasema, "Mwisho wa muhula, zunguka uwanja mara kumi bila kusimama. Ukishindwa, kazi yako ni kubeba mipira." Wenzangu walicheka hadi wakakaa chini.

Nikajitungia dawa. Kila Jumamosi saa saba mchana, jua la hapa kwetu Ruhembe likiwa utosini, navaa sweta mbili na kukimbia masaa mawili kando ya mashamba ya miwa. Niliamini jasho ni mafuta yanayoyeyuka! Siku sita zilizobaki ni kulala. Na nikimaliza kukimbia najipongeza kwa miwa mitatu mirefu. Muwa ni maji tu, nilijiambia.

Wiki ya tatu nikapanda mizani ya magunia ya mpunga pale mashineni, nilikojipima kabla ya kuanza. Ndugu zangu, nimeongezeka kilo mbili! Mbili! Nikashuka, nikavua viatu, nikapanda tena. Zilezile. Nikamwambia mwenye mashine mizani yake ina pepo.

Jumamosi iliyofuata nikaongeza sweta ya tatu. Nikaanguka barabarani, naona nyota mchana kweupe. Nikaomba, "Bwana, nikifa, mama asijue nilivaa sweta."

Aliyeletwa na Bwana ni Lemayani, tunayesoma naye, akichunga ng'ombe wa baba yake. Akanivua sweta zote, akanimwagia maji kichwani.

"Oya kibonge, nani anakukimbiza?"

"Nafanya mazoezi."

"Saa hizi? Hebu angalia ng'ombe." Wote walikuwa wamelala kivulini. "Hata huyu ndama anajua. Sisi tunatembea asubuhi na jioni, kila siku. Wewe unataka kumaliza wiki nzima leo?"

Nilipigwa butwaa. Nimezidiwa akili na ndama!

Kuanzia Jumatatu ile nikaungana naye: nusu saa alfajiri, nusu saa jioni, tunatembea, tunakimbia kidogo. Miwa niliiacha huku machozi yananitoka. Mwisho wa muhula nikapima: zimepungua kilo tatu tu! Nikajua nimekwisha.

Lakini uwanjani, mzunguko wa saba, pumzi ipo. Wa tisa, ipo! Wa kumi, filimbi ikamdondoka mwalimu mdomoni.

"Wewe?"

"Mimi, mwalimu. Hata mimi sielewi."

Akaniandika beki namba mbili.

Namshukuru Mungu aliyenitoa kwenye ujinga nikiwa bado nahema. Ndugu yangu uliyeukatia tamaa mwili wako, mtegemee yeye, anza na kidogo. Kesho saa kumi na mbili asubuhi tuko barabarani. Wazee wangu, shikamooni, nanyi karibuni. Tutatembea polepole, na nitajitahidi nisicheke.