Betri Ndiyo Iamkiwe Kwanza

Lomayani Seuri anastaafu tarehe 30 Juni 2004, baada ya miaka kumi na minane ya kuliendesha na kulitengeneza gari letu la kliniki hapa Kilosa. Mimi Bibi Gaudiosa, mpishi wa gari hilo, nimeachiwa niandike maneno ya kumuaga kwa sababu wenye elimu zao wamesema hawana nafasi. Haya, nimeandika. Atakayecheka mwandiko wangu alete wa kwake.

Gari lile ni nyumba kamili: vitanda, jiko langu, na friji ya chanjo iliyokuwa ikila mafuta ya taa na kututia moshi machoni. Serikali ilipofungulia biashara ya nje, vitu vya sola vikaanza kuonekana madukani Dar, nasi tukafungiwa paneli juu ya paa na friji mpya ya umeme. Lomayani akajiona fundi. Akaunga paneli kwanza, betri baadaye. Kontrola, kile kisanduku cha kuilinda betri isijazwe umeme kupita kiasi, ikaungua palepale, ikanuka kama kwato kwenye moto. Nilimpasha: umemsalimia mtoto ukamruka mkubwa! Kwenu ndivyo mnavyofundishana?

Neno lilimwingia.

Kontrola ya pili ilifika asubuhi ya safari ya kijiji cha Tindiga. Surua ilishaingia kule, na chanjo ikipata joto ni ya kumwaga. Yeremia, dereva msaidizi, mtu wa haraka zake, akataka kukunja karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara aiweke mahali pa fyuzi, twende. Lomayani akang'aka, "Hiyo haikatiki, wewe! Itakayoungua ni gari." Akafunga fyuzi ya kweli kwenye waya mwekundu, karibu kabisa na betri. Kisha akainama: "Shikamoo, betri." Ndipo akaiunga. Paneli ikawa ya mwisho. Yeremia alicheka mpaka akakaa chini.

Njiani makorongo yalitutikisa hadi waya ukachubuka kwenye bodi. Fyuzi ikakatika, moto haukuwaka. Lomayani akauvisha waya kipande cha tyubu ya baiskeli, akatoa fyuzi nyingine mfukoni, friji ikanguruma. Muuguzi Bibiana akatazama kipimajoto, akapiga kigelegele. Tindiga walichomwa sindano wote, watoto wa wakulima na wa wafugaji, wakalia pamoja. Sijasikia kilio kitamu kama kile.

Asante, Lomayani. Nenda Mikumi kwa mkeo Nailantei, ng'ombe wako wazae, mgongo upumzike. Hapa usitie shaka. Jana Yeremia aliiamkia betri bila kukumbushwa.

Niliitika mimi: marahaba.