Barua Pepe Nilizofuta kwa Mkono Wangu

Ndugu zangu wa shirika letu la sala, mama na baba, mmenipa dakika kumi. Mama Mwenyekiti tayari ananitazama kwa jicho la mtu anayejua kwamba waliosoma chuo kikuu wakishika neno hawaliachi. Mama, nitajitahidi. Wiki iliyopita tulimsikia ndugu aliyeacha pombe, na kabla yake dada aliyevuka ziwa na watoto wanne. Ushuhuda wangu hauna pombe wala ziwa. Ni habari ya barua pepe. Naona wengine wanacheka. Chekeni sasa, maana mbele huko hamtaweza.

Wengi mnaijua ofisi yangu: chumba kimoja, meza mbili, mashine ya kuskani na bango la tafsiri na maandishi. Natafsiri vyeti vya wanaokwenda Kampala na Nairobi, naandika barua za maombi, na nikikosa wateja naandika makala ambazo hakuna aliyeziomba. Nilikuwa na anwani ya barua pepe yenye jina la ofisi, siyo ile ya bure ambayo kila mtu anayo. Nilijivunia anwani ile kama mwingine anavyojivunia viatu vya kwenda navyo Misa.

Mlima ulipolipuka, mnakumbuka tulivyotoka. Wengine kuelekea Sake, wengine mpakani na godoro kichwani. Tuliporudi, upande wa Kibati kulikuwa na familia ambazo nyumba yao ilikuwa chini ya jiwe jeusi lililokuwa bado linatoa moshi. Walikuwa wameshika watoto. Karatasi walizisahau, na nani angewalaumu? Basi wale waliobaki na karatasi wakaingiwa na hofu. Ardhi ilikuwa bado inatikisika, na watu wakaanza kuja ofisini: "Prof, uniwekee hii kwa email."

Ikawa desturi. Vyeti vya ubatizo, diploma, karatasi za viwanja, hata picha ya harusi. Naskani, kisha najitumia mwenyewe, kutoka anwani yangu kwenda anwani yangu. Nilikuwa mtu pekee hapa Goma anayejiandikia barua kila siku na kufurahi akizipata. Sikuweka nakala mahali pengine. Nilimwambia kila mtu kwamba moto wa mlima haufiki kwenye email, na watu waliniamini kwa sababu nilisema kwa Kifaransa.

Kati yao alikuwepo mama mmoja, mjane. Nyumba yake ya upande wa Kibati ilifunikwa, lakini kiwanja kilikuwa chake, na karatasi aliiokoa ndani ya kitenge. Nikaiskani. Baadaye kibanda alichokuwa anaishi kambini kikaungua, na karatasi ikaungua humo. Ikabaki ile yangu tu. Shemeji yake alikuwa anakitaka kiwanja, na alikwisha kuwaambia watu kwamba karatasi haijawahi kuwepo.

Mama yule alikuwa anakuja kila mwezi. Haketi. Anasimama mlangoni na kuuliza: "Iko?" Mimi nafungua kompyuta, namwonyesha: "Iko, Mama." Anagusa kioo kwa kidole kimoja, pale penye jina la marehemu mume wake, halafu anakwenda. Siku moja akaniomba: "Papa, uitume pia kwa binti yangu kule Bukavu." Nikamjibu kwamba hakuna haja. Ndugu zangu, nawaambia ukweli: nilikuwa na haraka ya kumalizia makala.

Sasa, kampuni iliyokuwa inatuhifadhia barua pepe ilikuwa na mashine yake hapahapa mjini, ndani ya nyumba ya mtu. Umeme ukikatika, na barua zinakatika. Vita vilipozidi kwenye barabara ya Rutshuru, watu wa Rumangabo wakaanza kupita wakikimbia, halafu wa Kibati wenyewe, mwenye kampuni akatutangazia kwamba anafunga. Kila mteja atafute kwingine kabla ya mwisho wa mwezi.

Nikapata kampuni nyingine, ya nje, na dada mmoja fundi wa kompyuta, mzaliwa wa Bukavu kama mimi, aliyekimbilia Kampala. Akakubali kunihamisha akiwa hukohuko. Alinieleza kwa simu, taratibu, kama anavyoongea mtu na mgonjwa.

"Papa, kuhamisha anwani njo kazi kidogo. Saa moja, imeisha. Kazi ni kunakili barua za zamani, zitoke kule ziingie huku. Tunaanza na za juzi, tunashuka kwa za kitambo. Na réseau yenu ile, itachukua siku. Usiguse kitu. Umesikia?"

"Bien sûr, bila shaka," nikasema. Ni neno ninalolitumia nikiwa sijasikiliza.

Kunakili kukaanza. Kulikuwa kumefika kwenye barua za miezi michache iliyopita, na za kitambo bado, wakati mji ulipoanguka, ukatekwa.

Siku zile sitazieleza. Mlikuwepo. Tulilala sakafuni, sisi wote, na tulipotoka tuliona barabarani mambo ambayo tunajua yalikuwa nini. Umeme haukuwepo, mtandao haukuwepo. Halafu, mnakumbuka, ikaja ile habari kwamba kwenye vizuizi vya barabarani, kwenye barrière, wanapekua simu. Kila mtu akaanza kufuta. Jirani yangu alifuta picha za watoto wake kwa sababu nyuma yao alionekana polisi. Mwingine alivunja simu kwa jiwe na kuitupa chooni.

Mimi nilifikiria barua zangu. Ndani yake kulikuwa na vyeti vya wake za askari, maombi kwa maofisi ya serikali, ripoti nilizotafsiria mashirika. Nikajiambia: wakizifungua hizi, nimekwisha, na wenye karatasi hizi wamekwisha pamoja nami. Umeme uliporudi kidogo na mtandao ukajitokeza, nikaketi kitandani nikafuta. Niliteua zote, nikafuta. Halafu, kwa uangalifu wa mtu aliyesoma, nikakumbuka kwamba vilivyofutwa huenda kwanza kwenye pipa la taka, nami nikalimwaga na pipa.

Kesho yake nikafika kwenye barrière. Kijana mwenye bunduki akaichukua simu yangu, akaigeuza, akaona kioo kilivyopasuka. "Simu gani hii?" akasema, akanirudishia. "Pita, muzee." Hakuiwasha hata.

Fundi wangu akanipigia jioni ileile.

"Papa, kuna kitu sielewe. Sanduku la zamani liko tupu. Uligusa?"

"Nilifuta kwenye simu tu."

"Ulifuta barua, ao ulitoa konti ya email kwa simu?"

"Nilifuta barua."

"Zote?"

"Zote."

"Papa, simu ni dirisha tu. Barua ziko kule kwa mashine. Ukifuta kwa dirisha, unafuta kule. Lakini poubelle iko, tutazitoa kwa poubelle."

"Pipa nalo nililimwaga."

"Na poubelle pia?"

"Pia."

"Eh, Papa," akasema. Nyuma yake nikasikia pikipiki za Kampala zikipita.

Tukamtafuta mwenye kampuni ya zamani, labda ana nakala. Simu yake haikupatikana. Siku chache baadaye nikaenda mpaka kwenye ile nyumba, tayari imeporwa. Milango haikuwepo, madirisha hayakuwepo, wala mashine haikuwepo. Palibaki waya tatu zimetoka ukutani.

Hapa ndipo penye aibu yangu kubwa, ndugu zangu, kwa sababu kufuta kulikuwa hofu, na hofu kila mtu alikuwa nayo. Kilichofuata hakikuwa hofu. Mji ulipotulia kidogo watu wakaanza kuja kuuliza karatasi zao, nami nikasingizia mtandao, kwa neno moja ambalo hapa kwetu hakuna anayelipinga: réseau. Réseau haiko, Mama. Réseau iko chini, Papa. Urudi juma lijalo. Waliitikia, wakaenda. Nilifanya hivyo zaidi ya mwezi.

Mjane naye alikuja. "Iko?" Réseau, Mama. Akarudi. "Iko?" Réseau. Mara ya tatu alisimama palepale mlangoni akasema: "Papa, réseau ya jirani yako iko. Nimepita hapo, wanaangalia mpira."

Akaendelea: "Siku ya nne ya juma hili tuko kwa chef wa mtaa. Shemeji anakuja na mashahidi wanne. Mie niko na weye tu."

Nikamwambia yote. Simu, barrière, pipa la taka, mwezi mzima wa uongo. Nilitegemea atalia au atanitukana, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili, hata nilikuwa nimeandaa sentensi nzuri ya kuomba msamaha. Hakunipa nafasi ya kuisema.

"Uliisoma?"

"Nini, Mama?"

"Ile karatasi. Mbele ya kuifuta. Uliisoma?"

Niliisoma. Niliisoma mara nyingi, kwa kuwa kona moja ilikuwa imelowa na nilimwandikia upya maneno yaliyofifia. Nilikumbuka jina la mume, jina lake, upana kwa hatua, na jina la jirani wa kila upande.

"Basi utakuja useme," akasema. "Na useme pia kama ni weye uliifuta. Usiseme réseau."

Nikaenda. Tulikutana juu ya lava yenyewe, maana nyumba ya chef wa mtaa nayo ilifunikwa. Shemeji alipoambiwa mimi ni nani na nilichokifanya, akacheka mpaka akashika magoti.

"Huyu njo shahidi? Prof mwenye kufuta makaratasi ya batu? Leo afute na kiwanja basi, twende nyumbani!"

Watu wakacheka. Nami nikasema mbele yao niliyoyasema mbele yenu leo, kwa maneno machache zaidi. Nikayaandika, nikatia sahihi. Nikataja majirani wanne kama walivyoandikwa, pamoja na majina ya baba zao. Wawili walikuwepo pale, wakashangaa kusikia majina ya baba zao yakitoka kwa mtu wasiyemjua, wakasema mipaka ni ile. Shemeji akaacha kucheka.

Msidhani alishinda. Chef alisema ushahidi wangu una uzito, lakini karatasi ni karatasi, na karatasi haiko. Akagawa. Sehemu ya mbele, ya barabarani, ilikwenda kwa shemeji. Mama alipata ya nyuma, jiwe tupu. Sasa anavunja mawe yale kwa nyundo na kuyauza kwa wajenzi. Mikono yake mmeiona wale mnaonunua changarawe. Ingekuwepo ile karatasi, angekuwa na kiwanja chote.

Siku ileile niliporudi nilibandika tangazo kwenye mlango wa ofisi: nimefuta karatasi za watu, kwa mkono wangu, siyo réseau. Nikaandika kwa kila mtu ambaye niliwahi kumtumia karatasi ya mteja, nikimwomba anirudishie alichonacho. Padri mmoja alinirudishia vyeti ishirini na moja. Shule moja ya Uganda ilirudisha diploma. Zikawa zinaingia kwenye sanduku jipya moja moja.

Namshukuru fundi wangu, aliyezipanga zile zilizorudi kwa majuma mengi, na ambaye hakunipigia kelele hata siku nilipostahili. Namshukuru yule jirani wa mpira aliyenipa mtandao wake. Nawashukuru waliokuja kunitukana ofisini kisha wakaketi kunisaidia kukumbuka nani aliweka nini. Namshukuru mama yule kwa swali lake.

Fundisho langu ni dogo. Ukihamisha barua zako, usifunge mlango wa zamani mpaka umefungua barua moja ya kitambo kule upya, ukaisoma mpaka mwisho. Karatasi ya mtu usiiweke mahali pamoja, hata kama mahali hapo panakupa sifa. Na ukiharibu, sema siku ya kwanza. Ningesema siku ya kwanza, mama angepata mwezi mzima wa kutafuta mashahidi wengine.

Kuna karatasi ambazo hazikurudi, wala hazitarudi. Wenye mbili kati ya hizo wameketi humu ndani. Niliwaomba ruhusa kabla ya kusimama. Mmoja alikubali. Mwingine alisema nisimame tu, yeye atasikiliza kwanza, kisha atasema lake.

Nimemaliza. Sasa ni zamu yake.