Viatu vya Mguu wa Kulia

Wazazi wetu, ndugu, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono, familia imemtuma binti wa marehemu asimame hapa asome, kwa kuwa kaka yake akisoma hulia, na yeye akisoma hukasirika, na wakubwa walipokaa wakaona afadhali hasira, angalau inasikika hadi nyuma.

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Kisu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, katika chumba cha uani cha nyumba ya kupanga, mtoto wa nne wa mpiga pasi na mkewe, akazaliwa kabla ya siku zake, mdogo kiasi kwamba bibi yake alimtazama akasema huyu ni wa kuazima, mwenyewe atakuja kumchukua muda wowote, na bibi huyo alipokufa, huyo wa kuazima alikuwa kijana wa mabega mapana na ndiye aliyeshika jeneza kwa mbele.

Alianza shule ya msingi mwaka 1970, akamaliza mwaka 1976, na masomo yake yakaishia hapo, si kwa kukosa akili, bali kwa kuwa nyumbani kulikuwa na jozi moja ya viatu vya shule kwa wavulana wawili, na mkubwa ndiye aliyepewa, jambo ambalo marehemu alilisimulia maisha yake yote akicheka, na ambalo binti yake hadi leo hajaona kinachochekesha.

Tarehe 2 Mei 1981 aliajiriwa katika kiwanda cha viatu, akaanza kwa kufagia vipande, baadaye akapandishwa meza ya kukata ngozi, na hapo alisimama mpaka kiwanda kilipofungwa, kisu kifupi mkononi na chaki nyuma ya sikio, akiwafundisha wapya jambo moja tu, kwamba ngozi ikishakatwa, hata uipigie magoti hairudi. Karibu na meza yake alikaa mshonaji mmoja wa kike, ambaye kazi yake ilikuwa kumrudishia kila kipande kilichokatwa vibaya, kikiwa na alama ya chaki penye kosa, na siku moja akamrudishia kipande kisicho na alama yoyote, marehemu akakigeuza na kukigeuza, mwisho akamwendea, "Dada, hiki nimekosea wapi?", naye bila kuinua kichwa kwenye cherehani akamjibu, "Hujakosea, nilitaka uje."

Walioana tarehe 9 Agosti 1986, bibi harusi akiwa amevaa viatu vyeupe ambavyo bwana harusi alivikata kwa mkono wake na mshonaji yule mwenyewe akavishona, na wakajaliwa watoto wawili, wa kwanza mwaka 1988, dereva wa malori, na wa pili mwaka 1995, binti mwenye shahada ya mipango miji, ambaye hadi tunapozungumza hajapewa hata banda la kuku alipange, na ambaye kila asubuhi hufungua simu akasoma majibu ya maombi yake ya kazi, we regret to inform you, kama wenzake wanavyosoma sala.

Kisha ukaja mwaka 2019. Tarehe 28 Februari kiwanda kilifungwa, wenyewe wakaondoka na magari yao, wafanyakazi wakaambiwa wapitie stoo wachukue kifuta jasho, na kifuta jasho chenyewe kilikuwa viatu vya sampuli, vile vya kupanga kwenye kioo cha duka, ambavyo kwa kuogopa wezi huwekwa cha mguu mmoja tu, basi marehemu akaingia nyumbani na gunia zima la viatu vya mguu wa kulia, mke wake akavimwaga sebuleni, akavitazama, akasema, "Mume wangu, wamekutumia mzima, wamekulipa nusu," wakacheka mpaka wakakaa sakafuni. Hawakucheka hivyo tena, kwani tarehe 6 Juni mama alishikwa na kichwa akianika nguo, jioni hakuwa nasi, na tarehe 11 Novemba marehemu alikatwa mguu chini ya goti, kwa kidonda cha kisukari kilichokataa dawa, na mguu wenyewe, kama mmeshabashiri, ulikuwa wa kulia.

Mlikuja wengi kumwambia kila jambo lina sababu yake, alikusikieni, aliwakaribisheni viti, na mlipoondoka alirudi kulitazama gunia. Alilitazama miezi. Asubuhi moja ya Aprili 2020 akamwomba binti yake kisu cha kazi, binti akawaza mabaya, akakileta lakini akasimama palepale, na marehemu akachukua kiatu kimoja, akakipasua soli kwa mbele, kikapata mdomo, matundu ya kamba yakawa macho, ulimi wa kiatu ukawa ulimi kweli, na wote wawili wakamwona meneja wa kiwanda, mzimamzima, yuko katikati ya ahadi.

Hivyo ndivyo mkata ngozi alivyogeuka mchonga sura, ukuta wa sebule ukajaa watu, kinyozi wa kona akaja kujiona, akalalamika, "Fundi, mimi sina masikio kama hayo," mteja aliyefuatana naye akamwambia, "Unayo, ila kazi yako ni kutazama ya wenzako." Hakununua mtu. Alikuja bwana mmoja wa maonyesho ya sanaa, akapiga picha, akaapa atarudi wiki ijayo, naye sasa yuko ukutani, pembeni ya meneja. Na kila jioni marehemu alitaja jambo moja la kushukuru, kwa sauti, kama mtu anayemeza kidonge, mpaka binti yake akachoka, akamuuliza, "Baba, hebu niambie, unashukuru nini hasa?", akamjibu, "Nashukuru walinipa vya kulia, mwanangu. Wangenipa vya kushoto ningevivaa." Binti akatoka nje, akakaa kibarazani.

Sura moja tu ilimshinda, ya mke wake, na ndiyo aliyoitaka kuliko zote. Kila alipoijaribu alitoka mtu mwingine, akasema, "Huyu si yeye, huyu ni jirani tu," hata akajua kwamba haitatoka katika kiatu chochote ila kile cheupe cha harusi, na kile akakiogopa, leo akasema kesho, kesho akasema mkono haujatulia, huku figo zikianza kuchoka na mkono ukianza kutetemeka kweli, na binti akimhimiza, "Kata, baba, kabla hujashindwa kushika kisu." Tarehe 3 Septemba 2023 aliomba aletewe cha kulia. Alikipapasa asubuhi nzima. Alipokata, kisu kikapitiliza, kikapanda kutoka mdomoni hadi kwenye jicho, na jioni ile hakushukuru, wala iliyofuata.

Alilazwa tarehe 8, akafariki tarehe 19 Septemba asubuhi, madaktari wakiwa wodi ya jirani. Jioni ya kuamkia siku hiyo binti alimuuliza, kwa mazoea tu, leo unashukuru nini, akasema, "Kwamba nimeharibu kimoja tu."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopambana kwa vifaa walivyokuwa navyo, ambavyo havikuwa vingi, majirani mliombeba kwenye ngazi bila kunung'unika mbele yake, na wafanyakazi wenzake, ambao baadhi yenu mmesimama hapa katika viatu alivyovikata yeye. Wenye kiwanda hatuwaoni.

Wapo walioanza kumuuliza binti kama ataendeleza kipaji cha baba, basi jibu lisikike mara moja, ni hapana, hajui kukata, na akikosea hakuna cha tatu. Anashukuru kwamba kiatu cheupe cha kushoto kipo sandukuni, kizima, na hatakigusa. Hana jingine la kushukuru, na hilo lenyewe limemtoka kwa shida.

Baba, weka kisu chini, upumzike kwa amani.