Simenti ya Jiko la Mama Kavuo

Benchi letu liko chini ya upenu wa duka la sukari, pale barabara ya Beni inapoingia Butembo. Tamar anatuuzia kahawa hapo, na sisi tunamlipa maneno mengi na pesa kidogo. Alasiri ile Muyisa alikuja na dola mia moja na arobaini mfukoni, uso kama ametoka mazishini. Mama yake, Kavuo, alikimbia vita Mabalako, na huu ni mwaka wa pili anaishi kwake. Haingii jiko la mkwe wake. Kwa mama wa umri wake, kupika kwenye mafiga ya mke wa mwanawe ni aibu. Basi anapika uani chini ya turubai, mvua inampiga, na kikohozi hakimwachi. Muyisa alitaka kumjengea jiko lake la nje. Akatuomba tumsaidie kupanga, na sisi kunyamaza hatujui.

— Mbao kumi na mbili, manjanja sita ya kufunika, akaanza Ingénieur, akihesabu mabati ya paa. Jina hilo la mhandisi alilipata kwa banda moja la kuku, na kuku wenyewe walihama.

— Manjanja dola makumi sita, mbao makumi tatu, akajibu Comptable, mwenye duka, ambaye hakosei kamwe hesabu ya pesa za wengine.

— Inabakia makumi tano, Muyisa akasema. Itatosha?

— Kama chini ni udongo, itatosha, Ingénieur akasema. Mais lakini mama hapana mbuzi! Tutatia simenti.

— Mifuko mbili, makumi tatu, Comptable akahesabu.

— Na cheminée, bomba ya moshi, akaongeza Ingénieur.

— Kama iko cheminée, weka na four ya kuchomea mikate, akasema Comptable. Mama atauzisha, feza itarudia.

— Atauzishia nani? Muyisa akauliza.

— Quartier muzima, majirani yote! Kisha ananunua citerne ya maji. Mvula inajaza citerne, anauzisha na maji. Donc mvula ndiyo italipa jiko!

Hata mimi sikukaa nyuma:

— Weka étage, nyumba juu ya nyumba, apangishe batu.

— Na mpaka batu ba kijiji ya Kalunguta batakuya kuangalia!

Muyisa hakucheka.

— Bandugu, leo asubui nimemukuta amefunika sufuria na kitenge yake, juu mvula isiingie mu mboga ya sombe. Yeye mwenyewe analowana. Mama yangu! Mutu alinizaa!

Niliona aibu kwa ajili ya ile étage yangu. Comptable akafuta mikate na citerne kwenye hesabu yake, akasema misumari atatoa yeye. Ingénieur akasema mikono yake ni ya bure.

— Kesho tunamwanga simenti, akaapa. Parole.

Hapo Mama Kavuo mwenyewe akatokea, akitafuta makaa. Tulisimama wote. Tamar akampa kikombe.

— Wasingya, aksanti, Tamar. Batoto yangu, muko napanga nini?

— Jiko yako, mama, akasema Muyisa, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

— Ya nguvu! akadakia Ingénieur. Simenti chini. Itamaliza miaka makumi mbili!

Mama alishika kikombe bila kunywa.

— Miaka makumi mbili, akarudia polepole. Muyisa, turubai nilikubali, juu najua siku moja nitaikunja, twende. Sasa simenti nitaikunja ginsi gani? Mwana wangu, kuko habari ya Mabalako munanificha? Hatutarudia tena kwetu?

Ingénieur aliangalia viatu vyake. Comptable aliangalia barabara. Muyisa akalia mbele ya watu. Mama yake akaketi kando yake kwenye benchi letu, ambapo mwanamke hajawahi kuketi, akamshika mkono, akaendelea kutungoja tujibu.