Siri ya Mbuzi wa Doña Obdulia

Benchi letu liko mbele ya kinyozi, kwenye kona moja ya Boyle Heights, Los Angeles, na sisi watatu tumelikalia mpaka limechukua umbo letu. Kuna Heriberto, tunayemwita Wakili kwa sababu aliwahi kusafisha ofisi ya wakili na tangu hapo hakubali kushindwa hoja. Kuna Nazario, Kasuku, ukimsikia dakika moja hutauliza kwa nini. Mimi ni Teyo. Sina jina la utani; jamaa wanasema hawajaona cha kutania. Kahawa ya mdalasini anatuletea kinyozi mwenyewe, ili tusiingie ndani kuwashauri wateja wake.

Kasuku ndiye aliyefuata harufu. Alikwenda kuziba pancha, akarudi na mchuzi mwekundu kidevuni, macho yamelegea. Nyuma ya gereji ya matairi, alituambia, kuna gari la taco, nyama iliyokunjwa ndani ya chapati ya mahindi, la familia moja kutoka Jalisco, Mexico. Mama wa familia, Doña Obdulia, anakanda kwa mkono tortila, ndizo chapati zenyewe, mumewe Fidencio anasimamia sufuria la mbuzi, binti yao Marisela yuko dirishani anapokea wateja. Tulikwenda wote saa hiyo hiyo. Wakili alikula kimya, jambo ambalo hata mkewe hajawahi kulishuhudia.

Tuliporudi benchini, ubishi ukaanza.

— Mbuzi yule si wa huku, alisema Wakili. Yule kalishwa majani ya milimani, kule kule Jalisco.

— Mbuzi kitu gani, bwana. Siri ni sufuria, akasema Kasuku. Lile ni la bibi yake bibi, limevuka mpaka bila kuoshwa.

Mimi, nisionekane mshamba, nikasema nimesikia ukoo wa Doña Obdulia uliwahi kumpikia askofu, mpaka askofu akakataa uhamisho. Sikuwa nimesikia kitu. Kufika jioni Wakili ameshanisahihisha: maaskofu walikuwa wawili.

Tulichokubaliana ni kimoja tu, kwamba watu wasijue. Wakijua watakuja wapiga picha, familia italewa sifa, na tortila zitaanza kutoka kwenye pakiti. Tukaapa. Wakili alimwambia mkewe kwamba ile harufu ya pilipili ni dawa ya magoti. Mimi nilikuwa nikishiba kule narudi nyumbani kula tena, ili mke wangu Cuca asishuku, mpaka mkanda ukanishinda. Mpita njia alipotuuliza wapi atapata taco za maana, tulimwelekeza kwenye duka la kuku wa kukaanga.

Alhamisi moja mchana Doña Obdulia akaja benchini mwenyewe, aproni kiunoni. Tukasogea, akakaa. Alituuliza hali za nyumbani, akapokea kikombe cha kahawa, akawa anakitazama tu.

— Wazee wangu, nyinyi mnawajua watu wa hapa. Kwa nini hawaji kula kwetu?

Wakili akaanza kukagua kiatu chake. Kasuku akakohoa.

Akatueleza taratibu kwamba Fidencio anaamini kosa ni mkono wake wa chumvi. Jana alimwaga sufuria zima, kisha akaenda kukaa nyuma ya gari peke yake, hataki kusemeshwa. Wameamua wiki hii ikiisha wafunge, waende Fresno kwa shemeji yao wakachume zabibu.

— Kama ni chumvi, semeni. Sitakasirika.

— Chumvi iko sawa, dada, nikasema.

— Basi ni nini?

Nikamsogezea kikombe chake karibu. Alitushukuru, akaacha kahawa yake bila kuigusa, akarudi kazini.

 Hapo Wakili akainuka, akaelekea kanisani, ambako akina mama wa kwaya walikuwa mazoezini. Kasuku hakuwa na haja ya kwenda popote. Alimgeukia mpita njia wa kwanza, na yote aliyokuwa ameyabana yakamtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Mimi nilikwenda kwa Cuca. Nikamwambia nimesikia, sikumbuki kwa nani, kwamba kuna gari la taco nyuma ya gereji.

Jumamosi foleni ilitoka gereji ikapinda kona. Fidencio alikuwa anakata nyama huku macho yake yakiwa mekundu, na hapakuwa na kitunguu karibu. Habari ya Fresno haikutajwa tena. Sisi wagunduzi tulisimama mkiani, na tulipofika dirishani sufuria lilikuwa tupu.

— Samahani, mzee Teyo, akasema Marisela. Leo hata ule ubavu wako wa kila siku sikuweza kukuwekea.

Cuca alikuwa pembeni yangu, ameshakula, anapangusa vidole. Alimtazama Marisela, akanitazama mimi, akautazama mkanda wangu.

— Wa kila siku tangu lini?

Nikainua macho juu, nikasema mawingu yale huenda yakaleta mvua. Ulikuwa mwezi wa nane, kiangazi kikali, na hapakuwa na wingu.